Wasichana Wanaomba Kalenda

Nawasalimu ninyi wa Butembo, wa Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Nawasalimu ninyi wa Beni, wa Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Ndugu zetu wa Oicha, wa Lubero, wa Kasindi pale mpakani, karibuni. Mama uliye sokoni na redio yako ndogo kando ya mafungu ya viazi, karibu. Nawe motari unayengoja abiria, zima pikipiki kidogo utusikie.

Leo tuongee mpira wa miguu wa wanawake. Nina jambo moja tu la kuwaambia, na nitalirudia mara kadhaa ili hata aliyechelewa kufungua redio alipate. Wasichana wetu wanaocheza mpira wanahitaji msimu. Sikusema kombe. Sikusema tamasha. Nimesema msimu, yaani ligi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, ligi ambayo kila timu inajua Jumamosi ijayo inacheza na nani, saa ngapi, kwenye kiwanja kipi.

Tuanze mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

Mnaikumbuka tarehe 23 Novemba 2024? Siku ile, katika mji wa El Jadida nchini Morocco, wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliingia uwanjani kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wapinzani wao walikuwa AS FAR wa Rabat. Hao wako kwao, wanashangiliwa na watu wao, na kombe hilo walikwisha kulitwaa mwaka 2022. Filimbi ya mwisho ikalia: Mazembe moja, AS FAR bila. Kwa mara ya kwanza tangu mashindano hayo yaanze mwaka 2021, kombe likaja Kongo. Wiki chache baadaye, kocha wao Lamia Boumehdi, ambaye mwenyewe ni Mmorocco, akatangazwa kocha bora wa mpira wa wanawake barani Afrika. Nchi nzima ilikuwa na haki ya kufurahi. Na sisi wa Kivu Kaskazini, tuliozoea kusikia redioni habari za kuliza, tulikuwa na haki zaidi.

Sasa nawauliza: kombe lile lilipatikanaje?

Mwaka 2022 Mazembe walikwenda Morocco kwenye mashindano hayo hayo, wakaishia hatua ya makundi. Mwaka 2023 hawakufika kabisa, kanda ya Afrika ya Kati ikawakilishwa na Huracanes ya Guinea ya Ikweta. Mwaka 2024 wakarudi na wakashinda. Kwa hiyo walishindwa, wakakosa nafasi, kisha wakabeba kombe. Waliwezaje kurudi? Kwa sababu waliposhindwa hawakutawanyika. Walikuwa na klabu inayowagharimia, uwanja wa mazoezi, kocha wa kila siku, na mechi nyingine mbele yao. Mchezaji aliyeharibu leo alijua siku ya kurekebisha ipo, na imeandikwa.

Lakini msinielewe vibaya, sijaja kuisifu Mazembe tu. Miezi minane baada ya furaha ile, Julai 2025, timu yetu ya taifa ya wanawake ilikwenda Morocco kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa miaka 13 tangu Kongo ionekane huko kwa mara ya mwisho, mwaka 2012. Tulifungwa na Senegal manne bila. Tukafungwa na Morocco manne kwa mawili. Tukafungwa na Zambia moja bila. Mechi tatu, hakuna hata pointi moja. Nayasema haya kwa uchungu, maana mabinti wale walipigana. Na kumbukeni kwamba nchi hii ndiyo iliyoshika nafasi ya tatu Afrika mwaka 1998, na ndiyo iliyopeleka wasichana wake kwenye Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 20 mwaka 2006 kule Urusi na mwaka 2008 kule Chile. Vipaji havikuanza jana.

Basi ilikuwaje nchi iliyokuwa na klabu bingwa wa Afrika ikafungwa mechi zote tatu? Mimi naona hivi. Klabu moja, hata iwe na nguvu namna gani, haiwezi kuibeba nchi. Mchezaji hukomazwa na ushindani wa kila wiki. Kama ligi nyuma ya Mazembe ni nyembamba, kama timu za mikoani zinacheza mwezi mmoja na kulala miezi sita, timu ya taifa itachota wapi? Itachota Lubumbashi, itachota Kinshasa, itaongeza na mabinti wanaocheza Ulaya na Uturuki, basi. Butembo haimo. Beni haimo. Na si kwa sababu Butembo na Beni hakuna wachezaji.

Sasa turudi nyumbani.

Pita siku moja mchana kwenye kiwanja cha shule yoyote mjini Butembo, masomo yakiisha. Utawakuta wasichana ishirini na zaidi na mpira mmoja. Goli ni mawe mawili upande huu, mawe mawili upande ule. Kuna binti amevaa viatu vya kaka yake, amejaza kitambaa mbele ili visimvuke, na amefunga kamba ikapita chini ya soli. Mwingine anacheza pekupeku, na usifikiri anasita kuingia kwenye mpira. Kocha ni mwalimu au kijana wa mtaa anayejitolea. Anasimamisha mchezo, anamshika beki mabega, anamgeuza kidogo amwonyeshe namna ya kusimama ubavu ubavu, aone mpira na amwone mshambuliaji kwa jicho moja. Anarudia mara tatu. Mara ya nne beki ananyang'anya mpira safi, na wenzake wanapiga kelele kana kwamba ni fainali.

Halafu inafika saa kumi. Vijana wa kiume wanaingia na jezi zao, wana mechi ya ligi ya mtaa. Wasichana wanaokota mpira wao na kuondoka. Hakuna ugomvi, wamekwisha kuzoea. Kwa nini vijana ndio wanaopewa kiwanja? Kwa sababu vijana wana mechi. Wana karatasi ya ratiba inayosema kiwanja hiki, saa hii, ni chao. Mnaona kalenda inavyofanya kazi? Asiye na ratiba hana haki ya kiwanja. Anacheza mpaka mwenye ratiba afike.

Ndiyo maana nasema, na narudia, wasichana wetu wanahitaji msimu.

Mtu ataniambia: lakini mbona tunawaandalia mashindano? Kweli, yapo. Mara kwa mara kunatokea kombe la amani, kombe la tarehe 8 Machi, kombe la kupinga ukatili. Jezi mpya zinagawiwa, wakubwa wanakaa kwenye viti, picha zinapigwa, timu nne zinacheza siku mbili, bingwa anapewa kombe na mbuzi. Nawashukuru wanaoandaa, na wala sitaki waache. Ila nawauliza kwa upole: Jumatatu yake kuna nini? Binti aliyefunga mabao matatu Jumapili anarudi mazoezini kujiandaa na mechi gani? Anafanya mazoezi wiki moja, mbili, tatu, hakuna mpinzani. Wiki ya nne anabaki nyumbani. Mwakani jezi mpya zinakuja tena, wanakusanywa wengine, tunaanza upya kwenye sifuri.

Msimu hauko hivyo. Mkifungwa mechi ya kwanza kwenye msimu, bado mna nyingine mbele yenu. Kocha anapata muda wa kuona nani anachoka kipindi cha pili, nani anaogopa mpira wa kichwa, nani ana kichwa cha nahodha. Mwamuzi naye anakomaa kwa kuchezesha, na hapa nawataja mabinti wanaopenda filimbi kuliko mpira wenyewe, maana nao wapo. Na majina yanaandikwa. Fulani amefunga mabao mangapi, kipa gani amemaliza mechi nyingi bila kufungwa. Januari 2025 mshambuliaji wa Mazembe, Merveille Kanjinga, alichukuliwa na Paris Saint-Germain ya Ufaransa. Klabu ya namna ile hainunui mtu kwa kusikia sifa. Huangalia mechi, na mechi nyingi. Mchezaji wa Mulekera ambaye mechi zake hazikuandikwa popote, nani atamwangalia?

Wasikilizaji, sasa niingie kwenye sehemu ngumu. Najua kuna baba anayenisikiliza huko Beni anasema, huyu anaongea mpira wakati sisi tunazika watu. Baba, nakusikia, na shikamoo. Tangu Oktoba 2014 Beni na vijiji vyake vinahesabu maiti za raia waliouawa. Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, ikatutesa Mangina, Beni, Katwa na Butembo hadi katikati ya mwaka 2020. Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi. Mwaka 2024 vita vya waasi wa M23 vikapanda hadi Kanyabayonga na kusini mwa Lubero. Januari 2025 Goma ikachukuliwa na M23, na serikali ya mkoa ikahamia Beni. Msichana aliyezaliwa Beni mwaka 2009 hana kumbukumbu ya mji wenye amani.

Watu husema, tungoje amani kwanza, mpira baadaye. Lakini soko la Butembo liliingoja amani? Shule ziliingoja? Ligi za wanaume zimesimama mara nyingi, kweli, lakini kila zikisimama zimeanza tena. Nyuki ya Butembo ilipanda mpaka ligi kuu ya taifa ya wanaume katikati ya matatizo haya haya. Kwa vijana wa kiume tulitafuta njia. Kwa wasichana tunasema wangoje.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya kuahirisha na kufuta, na hapa nawaomba wasimamizi wa mpira wanisikilize vizuri. Kuna siku mechi haiwezi kuchezwa. Kumelia risasi usiku, mji una kilio, maduka yamefungwa. Hakuna anayedai wasichana wacheze siku hiyo. Lakini kama kuna kalenda, mechi ile inapewa tarehe nyingine, inaandikwa, na timu zinaambiwa. Kama hakuna kalenda, mechi imekufa, na timu zinakufa nayo. Msimu wenye kuahirishwa mara tano bado ni msimu, mradi ufike mwisho.

Na vita vimegusa hata ngazi yenyewe ya mpira. Mnajua utaratibu wetu: timu inajiandikisha kwenye Entente, yaani chama cha mpira cha mji, bingwa wa mji anapanda kwenye Ligi ya mkoa, LIFNOKI, na bingwa wa mkoa anatafuta njia ya kwenda taifa. Leo mkoa umekatwa vipande viwili. Msafiri wa kutoka Butembo kwenda Goma anakuta mstari wa mbele wa vita katikati ya barabara, na wengi huzungukia Uganda. Utaipitisha wapi timu ya wasichana ishirini, na kwa pesa ya nani? Kwa maoni yangu, tusiingoje barabara ya Goma. Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita 54. Tuanzie hapo.

Tufanye hesabu ndogo, haiumizi kichwa. Tuseme Butembo wana timu sita za wasichana na Beni wana sita. Kila mji unacheza kwake, kila timu inakutana na nyingine mara mbili. Hiyo ni mechi kumi kwa kila timu, bila mtu kusafiri nje ya mji. Kumi! Binti aliyezoea mechi mbili tatu kwa mwaka anapata kumi. Kisha wawili wa juu wa Butembo na wawili wa juu wa Beni wanakutana mwishoni, barabara ikiruhusu, iwe kwenye uwanja wa Matokeo hapa Butembo au kule Beni. Mechi zianze saa nane mchana ili kila mtu awe nyumbani kabla ya giza. Msimu uanze shule zikifunguliwa Septemba na umalizike kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka, ili asije binti akaambiwa mpira ndio uliomfelisha. Mvua zitatunyeshea, tunazijua.

Je, kuna mahali hili limefanyika na likazaa matunda? Papo, na wala si mbali. Majirani zetu wa Tanzania walianzisha ligi kuu ya wanawake msimu wa 2016/17. Bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo mkoani Pwani, si klabu kubwa ya Dar es Salaam. Ligi ikaendelea mwaka hadi mwaka. JKT Queens wakatawala, wakaja Simba Queens, wakapokezana. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mashindano yale yale ambayo Mazembe waliishia makundi. Mwaka huo huo wasichana wao wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India. Hebu fikirini, miaka sita tu tangu ligi ianze! Watanzania hawana miguu ya ajabu kuliko ya kwetu. Wana msimu usiokatika.

Nitoke hapo niende kwa wazazi, maana bila ninyi haya yote ni maneno. Mama, najua unachoogopa. Unaogopa njia ya kurudi jioni. Unaogopa maneno ya majirani, kwamba binti anayevaa kaptula amepotea. Na unaogopa jambo ambalo tunalisema kwa sauti ya chini, mtu mzima anayejifanya kocha kumbe ana nia nyingine. Hofu hiyo ya tatu ni ya haki kabisa, na asiidharau mtu. Ndiyo maana msimu ulioandikishwa unamlinda binti kuliko mazoezi ya kienyeji. Timu iliyoandikishwa ina jina la kocha kwenye karatasi, ina kiongozi anayewajibika. Ningependa Entente zetu ziweke sharti moja zaidi: kila timu ya wasichana iwe na mama wa timu, mwanamke mtu mzima anayekuwepo mazoezini na safarini, na timu isiyo naye isipewe leseni. Na mzazi aje kutazama. Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Binti yako akimwona baba yake kando ya mstari, atakimbia mpaka umshangae.

Na pesa? Swali zuri. Katika klabu nyingi za miji yetu mchezaji wa kike halipwi chochote, mshahara ni ndoto. Hata huko juu pengo ni kubwa. Mwaka 2024 zawadi ya bingwa wa Afrika wa wanawake ilikuwa dola 600,000, na ya bingwa wa wanaume ilikuwa milioni 4. Lakini msimu wa mji hauhitaji mamilioni. Unahitaji posho ya waamuzi, chokaa ya kuchora mistari, mipira, nauli ya motari, maji, na mtu wa huduma ya kwanza. Butembo ni mji uliosimamishwa kwa mifuko ya wafanyabiashara wake, kila mtu anajua. Mwenye duka la vitambaa, mwenye magari ya Kasindi, mnunuzi wa kakao wa Beni, hebu kila mmoja achukue timu moja, msimu mmoja. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Graben, Jumamosi mnaweza kukaa kando ya kiwanja na sanduku la bendeji. Na ninyi klabu za wanaume mnaoota michuano ya Afrika, mnajua kwamba CAF, shirikisho la mpira la Afrika, sasa inataka klabu iwe na timu ya wanawake ndipo ipewe leseni. Nawasihi, msiunde timu ya karatasi siku ya ukaguzi. Wapeni wasichana mazoezi ya kweli, kwenye kiwanja chenu, saa zenu.

Nirudie kwa aliyefungua redio sasa hivi. Tunazungumzia mpira wa wasichana wa Butembo na Beni. Tunasema kombe la siku mbili ni jema lakini halitoshi. Tunasema mechi ikishindikana iahirishwe, isifutwe. Tunaomba kalenda, ibandikwe mlangoni pa uwanja kila mtu aisome.

Muda wangu umekwisha, fundi ananionyesha saa. Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hii. Kila mwenye timu ya wasichana, iwe ya shule, ya parokia au ya mtaa, alete hapa redioni jina la timu, komine yake, jina la kocha na kiwanja wanachofanyia mazoezi. Tutazisoma zote hewani Jumamosi ijayo, tujue ni timu ngapi. Na viongozi wa mpira wa Butembo na Beni, tumewatengea kiti na kipaza sauti siku hiyo. Njooni na jibu la swali moja: mechi ya kwanza ni tarehe ngapi?